Mji Usio na Joto Wala Baridi

Gunia la nguo za Shangazi Dama lilifika matanga yakiwa yamekwisha, limefungwa kamba nyuma ya pikipiki, na kabla sijalifungua nilijua ndani mna nini. Harufu ilitangulia. Ni harufu ya sufu iliyolala muda mrefu bila kuona jua, harufu ya kuvu, na mimi naifahamu tangu meno ya utoto hayajaanza kunitoka. Mama alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchicha. Akainua pua kidogo, akanitazama.

"Hali nzuri ya hewa imefika," akasema.

Tulicheka, kisha tukanyamaza, maana udongo wa kaburi nyuma ya nyumba ulikuwa bado haujashikana vizuri. Sidhani kama marehemu angecheka nasi. Hakuwahi kucheka jambo lolote lililohusu hali ya hewa.

Ninyi wa rika langu mnawafahamu watu wa namna yake, na kama hamwafahamu, ngojeni, watawatumia ujumbe. Mwenzenu anahamia mji fulani wa bara, hata hajapanga vyombo, anawatumia picha ya kilima na maneno: huku si joto, si baridi, mwaka mzima. Mimi ujumbe wa namna hiyo siujibu. Mtu akiwa na jambo la kusifu, mtoto, kazi, jirani mwema, husifu hilo. Akiwa hana, husifu hewa. Hewa haina mwenyewe wala shahidi, na aliye mbali hawezi kuja kuipima. Nimeidharau sifa hiyo maisha yangu yote, na leo nitaeleza polepole dharau hiyo ilikotoka, msije mkadhani ni wivu wa mtu wa pwani anayetokwa jasho.

Shangazi Dama alikuwa dada mdogo wa Baba. Alizaliwa hapa hapa Sabaki, kaskazini kidogo ya Malindi, mahali mto unapoingia baharini, akaolewa na mtu wa bara aliyekuwa na kazi ya ofisini katika mji wa vilima. Mji huo sitautaja. Watu wake hawajanikosea. Inatosha kuelewa kwamba uko juu kiasi cha kukosa joto letu, lakini hauko juu kiasi cha kuwa na baridi ya kujivunia. Ni mji wa katikati. Maembe huzaa huko, lakini huiva kwa kusitasita, na mkungu wa ndizi huweza kuning'inia mpaka mwenye mgomba akakata tamaa. Shangazi aliiita hali hiyo wastani, na neno hilo alilitamka kama watu wengine wanavyotamka jina la mtoto aliyefaulu.

Alikuja kila Desemba, yaani wakati wa kaskazi. Kwa aliyekulia mbali nasi, kaskazi ni upepo na pia ni majira yake: huanza mwaka unapokaribia kwisha, huleta anga safi na joto linalopanda kila wiki, mpaka mchanga unakuchoma unyayo na shuka zinakuganda mgongoni. Baadaye kusi hugeuza upepo, mvua ya masika hushuka, na katikati ya mwaka tunapata miezi ya kipupwe ambayo hata mzungu wa hotelini hutafuta kitambaa cha mabegani. Kwa hiyo si kweli kwamba pwani hatuna majira. Lakini anayetaka kuidharau pwani na aje Desemba mpaka Machi. Shangazi alijua hivyo. Hakuwahi kuja wakati wa kipupwe hata mara moja.

Akishafika hukaa upenuni mwa jiko, huomba kile kipepeo cha ukili ambacho Mama alipepelea makaa, huanza kujipepea, na huuliza swali lake.

"Jamani, humu mnaishije?"

"Kama ulivyoishi wewe mpaka ukapata matiti," Hawe alimjibu. Hawe ndiye bibi yangu mzaa baba. Hivyo ndivyo Wagiriama tunavyomwita bibi. Alikuwa mama yake Shangazi, na hakumwonea aibu.

Kisha ilitoka sweta.

Hapa lazima nieleze desturi moja. Kwetu zawadi huvaliwa mbele ya aliyeileta. Haijaandikwa popote, lakini ukiivunja utaulizwa. Ukiletewa leso, unaifunga hapo hapo. Ukiletewa kofia, unakula nayo chakula cha mchana. Mtoaji anapaswa kuiona zawadi yake mwilini mwako, la sivyo ataondoka akiamini umemdharau. Sasa mchukueni mtoto wa Sabaki, mwezi wa Desemba, saa ambayo kuku wamelala vivulini wameachama midomo, mvisheni sweta nzito ya sufu, rangi ya maini, yenye shingo ndefu inayofika kidevuni, mkalisheni mkekani asitoke. Ndiye mimi.

"Mtoto anachemka," Hawe alisema.

"Atazoea," Shangazi alisema, akijipepea.

Nilivumilia, na sababu ilikuwa ile harufu. Baridi sikuijua. Niliwahi kushika barafu dukani Malindi, lakini baridi ya nchi nzima, baridi ya kuvaliwa nguo, sikuwa na njia ya kuifikiria. Sweta ile ilikuwa na harufu ambayo hakuna kitu chetu kilichokuwa nayo, nzito, ya ndani ndani, kama chini ya mtungi. Nikaamua peke yangu, kwa akili ya mtoto, kwamba hiyo ndiyo harufu ya baridi. Shangazi alikuwa ameikamata huko milimani na kuifuma ndani ya nyuzi. Alipokuwa hayupo nilikuwa nafungua sanduku, naingiza uso ndani ya mkono wa sweta, navuta pumzi, na nasafiri.

Ramani ya safari alinipa yeye mwenyewe. Kila mwaka alituhesabia miezi ya mji wake, na mimi niliishika kwa moyo kuliko sala.

"Kule kwetu," alikuwa akianza.

"Kwenu ni hapa," Hawe alimkata.

"Kule ninakokaa, basi. Januari unaamka na kijua laini, cha uvuguvugu. Mchana kinapata nguvu kidogo, lakini ingia kivulini tu, umeshapoa. Mwezi wa nne mvua, lakini mvua ya adabu. Hunyesha usiku watu wamelala, asubuhi imenyamaza. Mwezi wa saba kuna kibaridi cha kuvaa sweta na kunywa chai. Mwezi wa kumi mijakaranda inachanua, barabara nzima imegeuka zambarau. Halafu mvua ndogo, halafu Krismasi. Mwaka mzima hujui joto, hujui baridi."

"Na watu wa huko hufa?" Hawe aliuliza.

"Hufa, mama."

"Kwa nini?"

Mama alijifanya anakohoa moshi.

Nyumbani kwetu hali ya hewa ilikuwa ugomvi, haikuwa pambo. Baba alifanya kazi Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa kwenye viwanja vipana, jua huyakausha, chumvi hubaki, watu huikwangua. Mvua ikinyesha, chumvi huyeyuka na vibarua hurudishwa makwao. Mama alilima mahindi na mchicha ukingoni mwa mto, kwenye tope jeusi, na kilimo chake kilitaka mvua. Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na dua mbili zinazogombana. Baba akiona wingu alikunja uso, Mama akiliona alikunjua. Hawe alibashiri mvua kila mara goti lilipomuuma, na lilimuuma daima. Siku alizopatia alizikumbuka, nyingine alizisahau. Hatukuwa werevu kuliko watu wa milimani. Tofauti yetu ni kwamba hali yetu ya hewa tuliilalamikia hadharani, hatukumdanganya mtu.

Ndipo Desemba moja Shangazi akaniomba.

Kuomba mtoto si jambo geni kwetu. Aliyenyimwa uzazi huweza kupewa mtoto wa ndugu akamlea, na mtoto akawa wa nyumba mbili. Shangazi hakuwa amezaa. Aliketi mbele ya Baba, akaweka kipepeo chini, akasema, "Kaka, nipe huyu. Kule atanenepa. Hali ya hewa yenyewe inalisha."

"Kumbe mnakula hewa," Hawe alisema.

Baba hakuwa na haraka. Alikuwa mtu wa chumvi, na chumvi haikwanguliwi kabla haijakauka. "Mwaka na uzunguke," akasema. "Desemba ijayo ukija, nitakuwa na jibu." Mama hakuulizwa, akakuna nazi mpaka akaikwaruza mbuzi yenyewe. Ya moyoni mwake aliyatoa baada ya Shangazi kuondoka: "Mtoto wangu si maziwa ya kupelekwa kupozwa."

Lakini mimi nilitaka kwenda. Nilitaka kwa nguvu ambayo sijawahi kutaka nayo kitu kingine. Mwaka ule nilizunguka Sabaki nikiwa nimeshaondoka. Nilidharau kila kitu: makuti yanayodondosha wadudu, viboko wanaotoka mtoni kula mahindi, jasho la watu wanaponisalimia. Niliwaambia watoto wenzangu kwamba ninakwenda mahali ambapo hakuna jasho.

"Na ukikimbia?" wakaniuliza.

"Huko hawakimbii."

"Na ukibeba maji?"

"Maji yanajibeba."

Wakanibandika jina, Bi Baridi. "Bi Baridi, njoo utupepee." Nilikaza shingo nikapita. Aprili, masika ilipotupiga na makuti yakavuja juu ya kitanda changu, nilijiambia: huko sasa inanyesha mvua ya adabu. Julai nilijiambia: huko sasa wanakunywa chai. Oktoba nilifumba macho nikapaka barabara yetu ya mchanga rangi ya zambarau.

Novemba mto ukaja.

Naomba mnielewe vizuri hapa. Mto wetu hauzaliwi kwetu. Huanza mbali kwenye vilima vya bara, hukusanya vijito, vikiwemo vile vinavyopita chini ya mji wa Shangazi, huvuka nyika yote kavu, na mwisho hufika Sabaki na kila ulichobebeshwa. Kwa hiyo mvua ikipiga huko juu, sisi huipata baadaye, bila wingu hata moja kichwani. Asubuhi ile anga ilikuwa safi kama sahani. Vuli ilikuwa bado haijaanza kwetu. Nilikwenda na Mama shambani kufukuza ngedere, tukakuta maji ya rangi ya chai ya maziwa yamekwisha kufunika mstari wa kwanza wa mahindi, yana povu, yanatembea kama mtu anayejua anakokwenda. Mama alijua siku yoyote yangekuja. Alikuwa anasubiri punje zikomae kidogo tu.

Tukaanza kuvunja mahindi mabichi, maji kwenye vifundo vya miguu, kisha kwenye magoti.

"Mama, mvua iko wapi?"

"Kwa shangazi yako."

"Kwao hunyesha usiku tu."

"Basi ulikuwa usiku mrefu," Mama akasema, akanishika mkono akanitoa majini. Kikapu kilikuwa hakijajaa. Tulisimama juu ya ukingo tukaangalia mabua yakilala, mstari kwa mstari, kama watu wanaoambiwa waketi.

Siku hizo bahari ya Malindi yenyewe iligeuka nyekundu, na wageni wa hoteli wakakaa viti vya ufukweni wamenuna, wakiangalia udongo wa watu wa mbali ukipita. Mtoni ilipita migomba mizima pamoja na mikungu yake mibichi, mabua, ndala ya mguu mmoja, mlango wenye bawaba. Mimi nilikaa nikivitazama vyote nikijaribu kutambua kama kuna cha Shangazi. Niliamini amekasirika. Niliamini Baba amechelewesha jibu, na Shangazi sasa anatutupia vitu.

Maji yalipopungua, Mama aliokota blanketi lililokuwa limenasa kwenye mkunazi. Lilikuwa la sufu, zito, bado zima. Alilifua mara kadhaa mpaka tope likatoka, akalianika uani. Nilipopita karibu nilisimama. Ile harufu. Ile ile, nzito, ya chini ya mtungi.

"Mama," nikasema, "blanketi hili linanuka baridi."

"Linanuka nini?"

"Baridi. Kama sweta yangu."

Mama alishika pindo la blanketi akalinusa. Kisha alicheka kwa namna ambayo hakuwa amecheka tangu mahindi yaende, akaketi chini kabisa. "Hii ni kuvu, mwanangu. Tope limetoka, yenyewe haijatoka. Ni nguo iliyokaa na unyevu bila kuona jua."

"Lakini kwa Shangazi kuna jua la asubuhi."

"Basi nguo zake haziamki mapema."

Nilileta sanduku langu uani, nikatoa sweta, nikanusa kimoja, nikanusa kingine. Nilijihisi kama mtu aliyeficha lulu mfukoni, akaitoa mwangani akakuta ni kifungo cha shati. Mwaka mzima nilikuwa nimevuta pumzi ya kuvu nikiiita safari. Na ile mvua ya adabu ilikuwa imekula mahindi yetu. Dharau niliyokuwa nimeipaka Sabaki nzima niliikusanya siku moja, nikaipeleka yote mlimani.

Tatizo ni kwamba wakati mimi nilikuwa nimebadili nia, na Baba naye alikuwa amebadili. Baada ya mto, vuli yetu wenyewe ilikuja kubwa, chumvi ikayeyuka viwanjani, na Baba akawa anarudi kutoka Gongoni mapema akiwa mikono mitupu. Jua halikumsaidia yeye, mvua haikumsaidia Mama. Dua zote mbili zilikuwa zimeshindwa mwaka mmoja. Jioni moja tunakula muhogo nilimsikia akimwambia Mama, "Safari hii akija nitampa. Angalau huko atakula."

 Mama alinisogezea kipande chake.

Shangazi alikuja Desemba kama kawaida, na kaskazi nayo kama kawaida. Nilimsalimia, "Shikamoo, Shangazi," akaniitikia, "Marahaba, mwanangu," na alikuwa hajawahi kuniita mwanangu. Nguo zangu zilikuwa zimekwisha kukunjwa. Akatoa sweta mpya, ya kijani safari hii, kubwa kidogo kuliko ya mwaka jana, maana alikuwa amekisia nimekua. Nikaivaa, kwa sababu zawadi huvaliwa. Nikaketi mkekani nikaanza kutiririka. Akashika kipepeo, akaanza miezi yake, Januari na kijua chake. Alipofika kwenye mvua inayonyesha watu wamelala, nikasema:

"Shangazi, nguo zenu mbona zinaota kuvu?"

Mama aliacha kukuna nazi. Mtoto wa kwetu hamwulizi mtu mzima swali kama hilo, na nilijua kofi liko njiani kutoka kwa mmoja wao, sikujua tu nani.

"Kuvu gani?" Shangazi akauliza.

"Hii." Nikamnyoshea mkono wa sweta.

"Ni begi hilo. Lilikaa chini ya gari."

"Na ile ya mwaka jana?"

Akamtazama Baba amkanye mtoto wake. Baba alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Aliyesema ni Hawe. "Mjibu, Dama. Si ndiye unayemtaka?"

Shangazi aliendelea kujipepea. Halafu kipepeo kikapungua, kikasimama. Wakati wa kaskazi mtu hasimamishi kipepeo bila sababu.

"Mwezi wa saba," akasema, na sauti yake ilikuwa imeteremka ikawa ya Sabaki kabisa, "jua linaweza kupotea mpaka usahau linatokea upande gani. Ukungu unaingia hadi chini ya kitanda. Ukuta wa upande wa mlima unatoa jasho. Nguo natundika juu ya jiko la makaa, zinanuka moshi. Moshi ukitoka, zinanuka hivyo. Ndiyo nafuma sweta. Mwezi wa saba nifanye nini kingine?"

"Na mvua ya adabu?" Mama aliuliza bila kuinua macho.

"Mwaka huu iliingia ndani. Paa linavuja. Ikianza, nasogeza kitanda katikati ya chumba."

"Peke yako?" Baba aliuliza.

"Ni kitanda cha mvule. Navuta upande mmoja, nazunguka, navuta upande wa pili. Mpaka nimalize, godoro limelowa."

"Shemeji yangu je?"

"Alihamishiwa mji mwingine."

"Lini?"

Shangazi alinyosha kidole akaigusa sweta ya kijani begani pangu, akang'oa kijiuzi kilichokuwa kimejitokeza. "Kabla sijafuma ya kwanza," akasema. Kisha, bila kumtazama yeyote: "Nilitaka mtu wa kushika upande wa pili."

Wapo watakaongojea niseme kwamba nilimhurumia. Sikumhurumia. Mwaka mzima nilikuwa nimejiona binti wa mahali pasipo jasho, kumbe nilikuwa ninatafutwa niwe mguu wa kitanda. Nilimdharau kwa usafi ambao ni mtoto tu anauweza. Na sehemu moja ya dharau hiyo bado ninayo, wala sina mpango wa kuitupa: wote wale aliowaona kila Desemba walikuwa ni watu wake, waliomjua akiwa hana meno, na yeye aliwaletea mijakaranda.

Baba aliniambia nivue sweta. Hilo peke yake lilikuwa jibu, maana mtoaji alikuwa bado amekaa pale. Halafu akamwambia dada yake, "Mtoto haendi. Wewe ndiye unabaki."

"Kitanda chako cha kamba kipo," Hawe akaongezea. "Hata mimi nakibeba kwa mkono mmoja."

Shangazi alitikisa kichwa. "Nirudi niwaambie watu nini? Kwamba nimeshindwa na hali ya hewa?"

"Sema umeshindwa na kitanda."

Hakubaki. Alipanda basi lake siku aliyopanga, na Desemba iliyofuata alikuja tena, akaomba kipepeo, akauliza humu mnaishije, akaanza Januari. Hakuna aliyemkatiza. Tulikuwa tumeshaelewana bila kuelewana. Alileta sweta kila mwaka, mimi nilivaa kila mwaka, nikiwa msichana, nikiwa mke wa mtu, nikiwa na watoto walionitazama kama mwendawazimu. Mwaka jana hakuja. Alisema kwenye simu kwamba ana kifua kidogo tu, na kwamba hali ya hewa huko ni nzuri mno kwa mgonjwa.

Waliomleta kuzikwa walikuwa majirani wachache wa mji ule. Mmoja, mama mnene mwenye upole, alisimama karibu nasi kaburini, jasho linamtiririka mpaka kwenye viatu, anajifuta kwa leso ambayo ilikuwa haifuti tena. Mazishi yalipokwisha alimshika Mama mkono.

"Niwieni radhi," akasema, "sikuja na nguo nyepesi. Marehemu alituambia huku kwenu upepo wa bahari unapuliza mwaka mzima. Alisema watu wa huku hawajui joto."

Mimi na Mama hatukuthubutu kutazamana.

Kwa hiyo gunia lilipofika tulijua la kufanya. Tulizitandaza nguo zote juu ya ua na juu ya mchanga, jua la kaskazi likaanza kazi. Chini kabisa kulikuwa na sweta moja ya rangi ya zambarau, ukubwa wangu wa sasa, na uzi mmoja shingoni haujafungwa mwisho wake. Kufikia alasiri ilikuwa kavu mpaka inakwaruza. Nikaivaa.

"Utachemka," Mama akasema.

"Nitazoea."

Nilizunguka nyuma ya nyumba nikasimama mbele ya kaburi, shingo ya sufu imenifika kidevuni, jasho limenianza mgongoni. Nikainua mkono wa sweta nikaunusa. Haukunuka kitu chochote. Nikaushusha, nikageuka kidogo upande mmoja, nikageuka na wa pili, nikasimama pale juani mpaka nikahakikisha ameiona.